Siku yangu moja kihambani (Msukuma kaolewa Uchagani)

Watu mnaniuliza sana huku mlimani kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) siku inaendaje, hasa nyie mlioona picha za migomba mkadhani niko likizo. Haya, hii ni Jumanne ya juzi, mwezi wa nane, baridi la Kilimanjaro limekolea. Kwetu Shinyanga saizi watu wanatafuta kivuli, mi huku nimevaa sweta mbili na kofia ya mume.

Saa kumi na moja alfajiri

Zamu ya mfongo (mfereji wa kumwagilia). Kiangazi maji yanagawanywa kwa saa, kila kihamba na muda wake, ukipitiwa na usingizi imekula kwako mpaka zamu ijayo. Mama mkwe (namwita mama tu) ananigongea dirisha, "Mama Neema, maji hayo!" natoka na jembe na tochi ya simu. Unaziba mfereji mkubwa kwa vipande vya mgomba na tope, maji yanageuka yanaingia kwako, alafu unayafukuzia na jembe shina kwa shina, kahawa kwanza, migomba inafata, mboga mwisho. Hii mifongo mababu zao walichimba kabla mkoloni hajafika, inatoka juu msituni inashuka na mteremko bila pampu wala bomba, na mpaka leo ukitaka maji lazima uende siku ya kusafisha mfereji, usipoonekana kuna faini. Kwaiyo anayesema kujitegemea ni kuishi kivyako vyako, huyo hajamwagilia huku.

Saa kumi na mbili na nusu

Ng'ombe. Kwetu ng'ombe wanatoka asubuhi na mtoto na fimbo, jioni wanarudi wameshiba, huku ng'ombe hatoki bandani maisha yake yote, miguu yake ni wewe. Mwanzoni niliona ni mateso, ya ng'ombe na ya kwangu. Ila ardhi imebanana, kihamba chetu hakifiki hata eka mbili na ndo kimebeba ukoo mzima, ungemchungia wapi?

Namkanda kiwele kwa kitambaa na maji ya moto, michirizo ya kwanza nakamulia kwenye kikombe cheusi niangalie kama kuna mabonge, maana ugonjwa wa kiwele unaanza hivohivo kimyakimya na maziwa yakiharibika hamna anayekununulia. Yakiwa safi nakamua ya kawaida, ndama anabakiziwa chuchu moja.

Alafu samadi. Hapa ndo nataka mnielewe, kwa Wachaga ng'ombe ni samadi kwanza, maziwa ni bonasi. Ndoo moja ya kinyesi ndoo moja ya maji, unavuruga unatoa majani yote, unamwaga kwenye mtambo wa biogesi. Gesi inakuja jikoni kwa bomba, na tope linalotokea upande wa pili linaenda kwenye migomba, halina harufu kali na mgomba unalipenda kuliko samadi mbichi. Mwezi huu gesi inasuasua maana vile vijidudu vinavyoitengeneza navyo vinataka joto, mama anasema gesi imesikia baridi imejifunika. Inatosha chai na uji wa watoto. Maharage tunapikia kuni, tena kuni za matawi tunayopunguza kwenye miti ya humuhumu, mruka na mringaringa.

Saa mbili

Watoto wameenda shule, nashusha maziwa kwenye kikundi cha akina mama. Wanapima na lakitomita, ukiongeza maji inakuumbua mbele za watu. Sina la zaidi hapo, nimeacha maziwa nimesalimia nimerudi.

Saa tatu mpaka saa sita

Kahawa. Msimu ndo unachanganya saizi. Unachuma nyekundu tupu, ile yenye kijani unaiacha iive hata kama mkono unawasha kuikwanyua. Mimi na mama na kijana mmoja wa jirani anayetusaidia (na sisi tutaenda kwao, ndo utaratibu), tunachuma huku mama ananipa umbea wa ukoo tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, inaanzishwa 1933, baba mkwe wake alikua mwanachama na akina shangazi bado wanagombana kuhusu hela za enzi zile.

Ukiangalia juu ndo unaelewa kwanini kihamba kinavumilia. Miti mirefu juu kabisa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maboga, kila mmoja na kivuli chake. Kuna kihamba cha huku mlimani, Shimbwe Juu, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) walikiingiza kwenye urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Mama nilivyomwambia akauliza, "Wametoa na mbolea?"

Kahawa iliyochumwa leo lazima itolewe ganda leo, ikilala inachachia kwenye ganda. Kwanza unaimwaga kwenye maji, zinazoelea unazitoa unazianika pembeni, zilizozama ndo zinaingia kwenye kimashine cha mkono. Maganda mekundu yanaenda kwenye shimo yaoze yarudi kwenye mibuni, na punje zenye utelezi zinakaa kwenye ndoo zichachuke. Kahawa hatuili jamani, kahawa ni ada. Hiki ndo kitu video za mtandaoni za kujitegemea hazisemi, hata ukilima kila unachokula, shule haipokei mkungu wa ndizi.

Saa saba

Kiburu, ndizi na maharage. Mi nilikua na kamfuko kangu ka michembe pembeni, viazi nilikata nikavianika mwezi wa sita kwenye vichanja vya waya kabla kahawa haijavihitaji. Mama zamani alicheka, et viazi vikavu ni chakula cha safari, sikuhizi nakuta kamfuko kamepungua na hamna anayejua.

Saa nane

Migomba. Kila shina unaacha watatu, mama, binti na mjukuu, wengine wote unang'oa hata kama roho inauma, ukiwaacha unapata mikungu kama vidole. Vipande vya mgomba ulioangushwa navilaza chini upande uliokatwa ukiangalia ardhi, usiku fukusi (wadudu wa migomba) wanajaa hapo, asubuhi unageuza unawaua. Dawa bure kabisa.

Alafu majani ya ng'ombe, mabingobingo ya kwenye kingo mpaka panga likachoka. Nashukuru ni mwezi wa nane maana mahindi ya shamba la porini (hilo lipo chini tambarare, huko ndo tunapata mahindi) yamevunwa na mabua yamepandishwa na pikapu. Kulipia hiyo pikapu kunauma kila mwaka, ila bila mabua kiangazi hiki ng'ombe angekula paa.

Saa kumi na mbili jioni

Nimeshakamua mara ya pili, kuku wameingia bandani, ndo muda mzuri wa chanjo ya mdondo, gizani kuku wanatulia. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku zaidi ya 100 na kikishafunguliwa hakiwekwi wiki nzima, mi kuku wangu hawafiki hata nusu, kwaiyo tumechanga nyumba nne na kichupa kinazunguka usiku uleule. Kwa meku (mzee) wa jirani nimechanja mwenyewe, macho yake hayaoni vizuri. "Shikamoo meku." "Marahaba mwanangu, huyo jogoo mpe matone mawili." Nikamwambia moja linatosha, akabisha, nikampa moja tu.

Saa tatu usiku

Mume karudi kutoka Moshi mjini, kala mtori kalala. Nimeingiza mkono kwenye ndoo ya kahawa, punje bado zinateleza, zikishakua zinakwaruza ndo unaosha, basi ni kesho mchana. Vya dukani leo: chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya kula na bando la kuandikia haya.

Mlionifata inbox kuhusu miche ya mshare (migomba ya ndizi za kupika), machipukizi yapo mengi na siuzi, njoo na jembe lako mwenyewe, na usije Alhamisi maana mama hayupo na bila yeye sing'oi kitu.