Kitabu cha tatu, sura ya 14: Faki amerudi, msomaji wangu hamtambui

Ijumaa usiku, Wete.

Sura ya 14 ya riwaya yangu, ile ya vitabu vitatu, niliimaliza Jumanne nikampa binti wa kaka yangu aisome. Yuko kidato cha tatu sasa, na ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu kitabu cha kwanza, wakati huo bado yuko darasa la saba. Leo baada ya magharibi kaja na daftari kifuani, kaniamkia, kakaa ukingoni mwa baraza, na kabla sijamuuliza lolote akasema: "Ami, huyu si Faki."

Nikamweleza kwamba Faki kakaa Ghalani miezi minane, na mtu hatoki mle kama alivyoingia.

"Hilo najua, Ami. Kubadilika abadilike. Lakini huyu hakubadilika, huyu ni mtu mwengine umempachika jina la Faki."

Maneno yale yamenikesha. Niliyaandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza wa sura, nisije nikajidanganya kesho kwamba hakuyasema.

Kwa aliyejiunga njiani: hadithi inatokea Pemba ya miaka mingi ijayo, baada ya kimbunga. Mbegu yake ni kimbunga cha kweli, kile cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, ndipo kisiwa chetu kikawa ndicho kitovu cha karafuu. Nami nikajiuliza: kingekuja kingine kikasaza mikarafuu michache tu, nani angeishika? Katika hadithi yangu imeshikwa na Ghala, ndilo linalotawala kisiwa. Mtoto akitimia miaka 14 anapewa mti na namba, na kila pishi inayopungua inakatwa kwenye chakula cha nyumba yao. Mize ndiye msimulizi. Faki ni jirani yake, mchumaji hodari anayepiga mbinja akiwa kileleni kabisa, pale ambapo wenziwe hawathubutu hata kutazama chini. Mwisho wa kitabu cha pili anachukuliwa. Katika cha tatu anarudi akiwa mkaguzi, kavaa viatu vyeusi vinavyong'aa, anahesabu magunia ya watu waliomlea.

Jumamosi.

Asubuhi nimebandika ukutani migongo ya kalenda tatu za zamani, moja kwa kila kitabu. Kwa kila mhusika nimeandika mambo matatu: anataka nini, anaogopa nini, na mikono yake hufanya nini akiwa hafikiri. Hilo la tatu nimeliongeza leo na limenionyesha kosa langu mara moja. Kwenye kalenda ya kitabu cha kwanza, mikono ya Faki imejaa kazi mpaka nimekosa nafasi ya kuandika. Kwenye ya tatu, pembeni ya jina lake, pako peupe. Nilimnyang'anya mbinja, nikamnyang'anya kicheko, nikamfupishia maneno, nikamtia kovu shavuni, yote katika kurasa sita. Sikumbakishia hata kitu kimoja ambacho Mize angekiona akasema: ndiye.

Mchana nimerudia Mockingjay, kitabu cha tatu cha msururu wa The Hunger Games wa Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2010, miaka miwili baada ya cha kwanza. Nilitaka kuona alivyomfanya Peeta. Watawala wa Capitol, mji mkuu, wanamtesa kwa sumu ya nyigu mpaka kumbukumbu zake za Katniss, binti anayempenda na ndiye msimulizi, zinageuka kitisho, na siku ya kwanza wanapokutanishwa anamkaba koo. Huwezi kumbadilisha mtu kuliko hivyo. Lakini yule kijana alianza kama mtoto wa mwoka mikate, mkono wake hodari wa kuremba keki. Basi huko Wilaya ya 13, kwa waasi, wenzao wawili Finnick na Annie wanapooana, inaletwa keki yenye mawimbi ya sukari, samaki na mashua, na Katniss akiitazama tu anajua nani kaipamba. Peeta mwenyewe hayupo ukumbini. Akili imeharibiwa, mkono bado ni ule ule. Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikatoka nje, nikatembea mpaka bandarini na kurudi.

Jambo jengine nililoliona ni kwamba hata kupona kwake hakupewi kwa mkupuo. Anauliza kumbukumbu moja moja, hii ya kweli au si ya kweli, na wenziwe wanamjibu. Kuna subira kubwa katika uandishi ule. Mimi nilikuwa nimepanga Faki azinduke kwa mara moja katika sura ya 20, juu ya jukwaa, mbele ya umati. Nimeifuta sura ya 20 katika mpango.

Nimefikiria pia kwa nini jambo hili linatupa tabu sisi tuliokulia hapa. Msururu wa kwanza wengi wetu kuupenda ni ule wa Bwana Msa, mpelelezi wa Mohammed Said Abdulla. Toka Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960 mpaka Kosa la Bwana Msa wa 1984, unamkuta mzee na kiko chake, na raha yenyewe ni kumkuta vile vile. Ni sawa, kwa sababu kazi yake ni kufumbua fumbo na kuirudisha dunia mahali pake. Hadithi ya dhulma inakwenda njia nyengine. Ghala likimtafuna mtu miezi minane akatoka mzima anapiga mbinja, basi nimesema uongo kuhusu Ghala.

Jumapili.

Leo sikuandika neno. Msimu umechanganya, na jirani zetu wamechuma tangu juzi, kwa hiyo baada ya isha nimekwenda kuwasaidia kuchambua. Uani walikuwa wanawake saba na watoto, lundo la vishada vibichi katikati, taa moja. Kwa asiyewahi kuona: unashika kishada kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha kidogo, karafuu zinamwagika upande huu na makonyo yanabaki mkononi uyatupe upande ule. Baada ya saa moja vidole vinateleza kwa mafuta, na harufu inakaa kwenye kucha hata ukioga.

Umeme ukakatika. Watoto wakapiga kelele, mmoja akaenda kutafuta tochi. Bi mkubwa aliyekaa karibu yangu hakusimama. Kiganja kilikuwa kinazunguka kizani kwa mwendo ule ule, na nilikuwa nasikia karafuu zake zikianguka kwenye jamvi kama mvua ya rasharasha. Tochi ilipokuja nikaona makonyo yake yote kayasukumia chini ya goti la kulia, kayazuia pale yasichanganyike na karafuu. Nikamuuliza kwa nini chini ya goti. "Ndivyo mama alivyokuwa akifanya, mwanangu. Uwani kwetu kulikuwa na upepo." Hapo alipokaa ni kati ya kuta nne, upepo hamna.

Jumatano.

Sura ya 14, mara ya tatu. Kovu limeondoka. Viatu vimebaki. Faki anaingia uani kwa kina Mize na daftari la ukaguzi, hawasalimii wenyewe, anasoma namba za magunia. Maneno yake bado mafupi, mbinja bado hakuna, na hatoipiga tena mpaka kitabu kiishe, hilo nimeshalikata. Kisha anachuchumaa akague lundo ambalo bado halijachambuliwa. Anaokota kishada kimoja. Anaendelea kumsomea mama yake Mize adhabu ya pishi tatu zilizopungua, na huku anasoma, kiganja kinazunguka, karafuu zinamwagika, makonyo yanasukumwa chini ya goti la kulia, kwenye suruali ya Ghala iliyopigwa pasi. Mize anaona. Mwenyewe hajui kafanya.

Imenibidi nirudi kitabu cha kwanza, sura ya 3, niongeze sentensi mbili Faki akiwa na miaka 12, akifanya vile vile uani pale pale. Bado sijakichapisha, alhamdulillahi, kwa hiyo mlango uko wazi. Mwandishi aliyekwishatoa kitabu cha kwanza hana njia hii, na nadhani ndiyo sababu inafaa mtu awe na rasimu ya vyote vitatu kabla hajatoa hata kimoja.

Kuhusu Mize mwenyewe nitasema kidogo. Nilikuwa nimemfanya shujaa kila ukurasa wa kitabu cha tatu, anaamrisha watu wazima. Katniss katika kitabu kile cha tatu hujificha kwenye vyumba vya stoo, hulazwa, hupewa dawa za usingizi. Wasomaji wengi wanamlaumu kwa udhaifu. Mimi naona ndipo anapokuwa mtu kamili, binti aliyeona vifo vingi mno kwa umri wake. Mize nimempunguzia hotuba mbili na nimempa siku tatu za kulala bila kuongea na mtu. Mama yake amebaki alivyokuwa, na Shaame, yule mlinzi, nimemtoa kabisa. Hakuwa na kazi.

Ijumaa tena.

Daftari jipya la kwaya tatu nimenunua leo, la zamani limejaa mpaka jaladani. Binti wa kaka yangu kaisoma sura pale pale barazani, mimi najifanya nakunywa kahawa. Alipofika kwenye goti akarudi kurasa mbili nyuma, akasoma tena kuanzia Faki anapoingia mlangoni. Kisha akaniuliza: "Ami, Mize atamwambia?"

Sijui. Akimwambia, huenda Faki akatazama goti lake akakumbuka, na huenda akainuka akawaita walinzi. Sura ya 15 nimeianza kwa Mize kuyaokota yale makonyo baada ya mkaguzi kuondoka, na kuyafunga kwenye pembe ya kanga.