Printa ya mama haikuwa imekufa

Ruta ya faiba iko sebuleni, na mama ana stesheneri yake ndogo uani, hapa Tabata. Wi-Fi ilikuwa haifiki kule, kwa hiyo nilivuta waya nikachomeka ruta yetu ya zamani. Simu zikashika, printa nayo ikashika. Ila nikiwa sebuleni na laptopu, printa haionekani. Nafungua 192.168.1.1, ukurasa wa ruta ya sebuleni, naangalia orodha ya vilivyounganishwa: vifaa vinne tu. Nyumba hii ina simu sita peke yake!

Fundi wa kwanza alisema Wi-Fi ya printa imeungua, akataka kama 80,000 hivi. Nikamuuliza, imeunguaje na mama anachapisha akiwa uani? Akanyamaza.

Wa pili ndiye ananiuma mpaka leo. Alinishauri niriseti ruta ya sebuleni. Nikachukua pini, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma huku nahesabu hadi 15, taa zote zikazima, zikawaka upya. Taa ya intaneti ikabaki nyekundu. Jina na nywila tulizopewa na kampuni ya intaneti vilikuwa humo humo, vikafutika. Siku mbili bila mtandao. Wateja wanakuja na barua zao za kazi WhatsApp, mama anawarudisha mlangoni. Usiriseti ruta ya faiba kabla hujaandika jina na nywila hiyo pembeni, nakuomba.

Kilichonifumbua macho ni karatasi. Printa nyingi huweza kuchapisha taarifa zake za mtandao, tafuta kwenye menyu. Nikaiweka ile karatasi kando ya laptopu: printa 192.168.0.103, laptopu 192.168.1.7. Tazama namba ya tatu! Printa ina 0, mimi nina 1. Kumbe tuna mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Ruta ya uani ilikuwa inagawa anwani zake yenyewe, yaani namba kama hizo, na kwa upande wa uani ya sebuleni inaona ruta hiyo tu, kifaa kimoja, vilivyo nyuma yake vyote vimefunikwa.

Nikachomoa waya kwanza. Ruta ya uani nikaipa anwani 192.168.1.2, nikaingia tena kwa anwani hiyo mpya, nikazima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, ndipo nikaurudisha waya, safari hii kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti). Ukiurudisha kabla ya kuzima DHCP, ruta mbili zitagombania kugawa anwani. Printa nikaizima na kuiwasha.

Orodha ikajaa. Kulikuwa na kifaa kimoja kigeni, nikadhani jirani ameingia, kumbe ni simu ya mdogo wangu: Android tangu toleo la 10 huweza kujipa anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa) ya kubuni kwa kila Wi-Fi.

Jioni mama alikuwa sebuleni anachambua mchele. Akafuta mikono, akatuma barua ya mteja kutoka kwenye simu yake, tukanyamaza wote kusikiliza. Kule uani printa ikaanza kuvuta karatasi.