Haina pumzi

Jana jioni binti yangu alikuwa barazani na chupa ya maji ya plastiki, kaibana midomoni bila kuacha upenyo, anavuta. Chupa ikaanza kunywea. Mbavu zake zikaingia ndani, mwisho maji yakagoma kabisa. Alipoing'oa mdomoni ikavuta hewa kwa sauti, ikafura tena.

"Baba, mbona maji yamo na hayaji?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye mfuniko mmoja mweusi wa tangi.

Ni enzi zile za hoteli, njia ya Casuarina, nilipokuwa nashika funguo za stoo. Mwaka 2013. Tulikuwa tumefunga tangu Aprili, masika yalipoanza, kama zilivyofanya hoteli nyingi za Malindi, na Wataliano walitarajiwa mwanzoni mwa Julai. Ukoka ulikuwa umefika magotini. Kazi ya kuukata ilikuwa ya Mzee wa bustani, juu ya ile trekta ndogo ya nyasi ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuikalia.

Kabla hajaiwasha niliiandaa mwenyewe. Petroli ya Aprili niliimwaga yote. Ilikuwa imeshaanza kunuka kama vanishi. Mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka kwa jua, nikashuka mjini nikanunua mwingine. Uliingia ukakaa sawasawa, ukakaza vizuri kuliko ule wa kwanza. Nilifurahi nao.

Trekta iliwaka mara moja. Ikakata mistari minne, mitano, robo saa hivi, kisha ikaanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikazima. Mzee akaketi chini ya mkungu. Baada ya nusu saa ikawaka kama haikuwa na tatizo lolote. Robo saa nyingine, ikazima. Siku nzima hivyo.

Nilibadilisha filta. Nilifungua bakuli la kabureta nikalifuta, nikatoa jeti nikaipuliza mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Trekta ile haikuwa na pampu ya mafuta. Tangi liko juu, petroli inateremka yenyewe. Basi nikachomoa mpira kwenye kabureta nikauelekeza kwenye chupa, na petroli ikaja mkondo mzuri, mnene. Nikasema njia ni nzima. Lakini nilikuwa nimetoka kujaza tangi dakika hiyo hiyo, mfuniko umefunguliwa na kufungwa, na sikusubiri nione kama mkondo ule utadumu. Ningeuacha utiririke ningeuona ukipungua, ukawa matone, ukakatika.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Mwanangu," akasema, "hii haina pumzi."

Aliyasema maneno hayo mara tatu kwa siku mbili. Mimi niliyasikia kama mtu anavyosema gari bovu limechoka. Sikumuuliza hata mara moja ana maana gani.

Badala yake nilinusa vidole vyangu. Siku zile petroli kuchanganywa na mafuta ya taa ilikuwa habari ya kila kijiwe cha bodaboda. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita, uliowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 kuizima biashara hiyo, ulikuwa bado. Na aliyekwenda kununua petroli alikuwa Mzee, na jerikeni lake nyuma ya baiskeli. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia mafuta yamechezewa. Sikusema na nani. Hakukuwa na haja ya kusema.

Alipoambiwa kwamba petroli atanunua mtu mwingine, Mzee hakujitetea. Alileta jerikeni, ameliosha. Akaleta na risiti zote, amezikunja pamoja na kuzifunga kwa ukili. Jumamosi akachukua ujira wake. Jumatatu hakuja.

Trekta ikaendelea kuzima kwa petroli niliyoinunua mwenyewe.

Nikamwita ami kutoka Shela, ambaye maisha yake yote ni mashine za boti. Hakufungua hata sanduku la spana. Alisema iwashwe, ikate, na itakapozima asiwepo wa kuigusa. Ilipozima akainama, akalaza sikio juu ya tangi kama mama anayesikiliza tumbo la mtoto mgonjwa. Sote tukanyamaza. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kwenye mivinje, akatuonyesha kwa mkono tungoje utulie. Kisha akashika mfuniko kwa vidole viwili, akauzungusha kidogo tu.

Ulilia. Sauti nyembamba, ndefu, ya hewa inayoingia ndani na si inayotoka. Ubavu wa tangi, ambao sikuwa nimegundua kwamba umebonyea, ukarudi mahali pake kwa mlio mmoja: kop! Na ndani ya filta yangu mpya, ile ya plastiki ya kuonyesha, petroli iliyokuwa imebaki tone chini ikaanza kupanda, polepole, mpaka ikajaa.

Ami akauelekeza mfuniko juani, akaugeuza huku na huku. "Tundu liko wapi?"

Halikuwepo. Niliuleta ule wa zamani kutoka stoo, uliopasuka, na katikati yake palikuwa na kitundu cha kupita sindano. Petroli ikishuka, hewa huingia hapo kushika nafasi yake. Akaniambia kwenye tangi la mashine ya boti kuna skurubu ya hewa juu ya mfuniko, na mvuvi akisahau kuilegeza, mashine humzimikia akiwa nje ya mwamba.

"Ilikosa pumzi tu," akasema.

Jumapili nilivuka daraja la Sabaki kwenda kwao. Nilimkuta shambani, anapalilia mahindi. Alinikatia dafu, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya mjini. Nikamweleza yote: mfuniko niliununua mimi, kwa meneja nilikwenda mimi, na nimeshakwenda tena kuyafuta maneno yangu, nafasi yake ipo. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Sasa inakata?" akauliza.

"Inakata, Mzee."

"Haya, vyema."

Akaniuliza kama dafu lilikuwa na maji ya kutosha, halafu akarudi kwenye mstari wake wa mahindi. Hotelini hakurudi tena.