Utalala wapi siku ya kwanza?

Kozi ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilipewa siku 3 kuwafundisha askari magereza 22 kuhusu urekebishaji wa wafungwa, nikaenda na Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zote 122. Kabla ya saa sita mchana nusu ya darasa wanasinzia. Kumbe wengi walikuwa wametoka lindo la usiku, nami sikuuliza. Sajini mmoja, mtu mzima, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, sisi tulifundishwa kufunga, kufungua na kuhesabu. Haya mengine ni ya watu wa ustawi wa jamii."

Safari ya pili makabrasha niliyaacha nyumbani. Niliomba kibali cha jambo moja: kila askari amtafute mfungwa aliyebakiza chini ya miezi 3, amuulize, "Ukitoka, siku ya kwanza utalala wapi?"

Tatizo likawa mkao. Mfungwa huzungumza na askari akiwa amechuchumaa, na aliyechuchumaa jibu lake ni "ndiyo, afande" hata umuulize nini. Tukaazima mabenchi mawili karakana ya useremala. Wapo waliokataa kukaa benchi moja na mfungwa, sikuwalazimisha.

Yule sajini alikuwemo tena (nadhani aliletwa kama adhabu). Alimchagua fundi wa karakana hiyohiyo. Aliporudi darasani alikaa kimya kwanza. "Huyu nimemhesabu miaka 4," akasema. "Leo ndiyo najua mama yake alifariki na nyumba ndugu wameshauza. Kitambulisho hana. Anatoka mwezi ujao."

Hapo ndipo nikawasomea kanuni moja tu, ya 108: anayetoka apate nyaraka zake, makazi, kazi, nguo za kufaa na namna ya kufika aendako. Hakuna aliyesinzia. Walibishana wao kwa wao nani aandike barua kwa mtendaji wa kijiji, na mapema kiasi gani. Wakakubaliana wiki 6 kabla, na askari wa karakana aambatanishe maelezo ya kazi anazoziweza mfungwa. Sajini akajitolea kutunza daftari la barua hizo.

Kinachonisumbua sasa ni uhamisho. Sajini ameshapangiwa kituo kingine, na kabla hajaondoka alinipigia kuuliza daftari amkabidhi nani.