Bati Limelala Chumbani Kwangu

Saa saba kasoro robo usiku. Nimeketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado vimo miguuni, na mbele yangu bati la futi 8 kwa 4 limeegemea ukuta. Si langu. Ni la dada mmoja ambaye kwa mwaka na nusu sasa mimi ni fundi wake wa sauti, cheo kikubwa kwa mtu anayebeba waya na kukaa karibu na miksa akiomba stima zisipotee. Hapendi kutajwa mitandaoni, kwa hivyo humu atabaki "yeye".

Leo kulikuwa na watu 19. Kwa muziki wa namna hii, wa majaribio, wa kukwaruza vyuma badala ya kuimba, hapa Nairobi, tena Jumatano, hao ni wengi.

Niseme kwanza nilikotoka. Mimi nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hoteli. Miaka sita, Ijumaa na Jumamosi, nyimbo zilezile, wageni wakila. Mle ndani nilijifunza ustadi mmoja nisioujivunia: kujificha. Nikipotea katikati ya wimbo nilikuwa napunguza gitaa, mpiga kinanda anaziba pengo, besi inasonga, na hakuna mteja aliyewahi kuacha kutafuna kwa sababu yangu.

Siku niliyomwona yeye akipiga peke yake ilikuwa Ngara, ghorofa ya pili, chumba ambacho mchana ni darasa la ushonaji. Alikuwa na sufuria mbili, kinasa sauti, kisanduku cha kurudia sauti na spika moja iliyopasuka. Hakuimba. Alikwaruza kitako cha sufuria kwa msumari, akauacha mkwaruzo ujirudie, akaweka mwingine juu yake. Dakika kumi za mwanzo nilidhani friji ya jirani imeharibika. Halafu msumari ukamponyoka. Ukaanguka sakafuni, ting, na kile kisanduku kikaudaka. Hakuna kinanda cha kuziba. Ting ikarudi kila baada ya sekunde nne, mbaya, haielewani na chochote, sote tukijua ni kosa na yeye akijua kwamba tunajua. Nilimwona akimeza mate. Kisha akaiacha ting palepale na kuanza kupanga kila kitu kingine kuizunguka, mpaka ikawa ndiyo nguzo ya nyumba. Nilitoka pale viganja vimelowa jasho kana kwamba msumari niliuangusha mimi.

Wiki iliyofuata nikamwambia nina miksa.

Sufuria zilimtosha miezi michache, kisha akataka kitu kikubwa. Tukaenda Kamukunji asubuhi mapema. Ukishuka pale kwa mafundi wa jua kali unapokewa na nyundo kabla ya mtu: masanduku ya shule, majiko, makarai, vyote vinagongwa kwa pamoja, na ukikaa dakika tano unaanza kusikia nani ana haraka na nani amelipwa kwa siku. Yeye alipita kwenye mabati akiyagonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.

"Sista, unataka la kuezeka ama la sanduku?" fundi akamuuliza.

"Nataka linalolia."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliweka nyundo chini, akatoa mabati matatu bapa na kuyatikisa moja baada ya jingine. "Hili geji 30, linapiga kelele kama mtoto. Hili 28, afadhali kidogo. Hili 24 ni baba, haliongei ovyo." (Namba ikishuka bati linanenepa, mimi nilidhani ni kinyume.) Yeye akachukua la 28. Fundi alitoa pia ushauri wa bure: usilishike pembeni, lining'inize, la sivyo unalifunga mdomo.

Nyuma ya bati nimebandika kile kidude cha duara cha shaba, chembamba kama sarafu, ambacho ndicho hulia ndani ya saa za kengele na kadi za Krismasi zinazoimba. Luthuli Avenue utakipata kwa bei ya chapati mbili. Ukikipa umeme kinalia, na ukikitikisa chenyewe kinakupa umeme, kidogo sana lakini unatosha. Kwa hivyo hakisikii hewa ya chumbani. Kinasikia bati lenyewe, tumboni. Nilichojifunza kwa hasira ya wiki mbili ni kwamba hukichomeki kwenye miksa hivi hivi, maana besi yote itapotea ubaki na sauti ya kopo. Lazima katikati kuwe na kikuzaji kidogo kisichokinyonya nguvu. Nilikiunga mwenyewe ndani ya mkebe wa kahawa, na siku ya kwanza kukiwasha, kabla yeye hajaligusa bati, tukasikia matatu ikipita barabarani. Bati ndilo lililokuwa likiisikia.

Kila anayekuja kuuliza habari za muziki huu Nairobi, jina la kwanza ni KMRU. Sina kinyongo. KMRU ni Joseph Kamaru, naye amebeba jina la babu yake, yule Kamaru wa nyimbo za Kikuyu ambaye wazee wetu walimsikiliza redioni na wanasiasa walimsikiliza kwa wasiwasi, aliyefariki Oktoba 2018. Mjukuu anazitoa upya nyimbo za babu, na huku yeye mwenyewe anarekodi miji, waya, upepo na vyumba vitupu. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego ya Vienna, kisha akahamia Berlin kusoma. Naipenda Peel. Ni muziki unaokaa pole pole, kama ukungu wa Limuru. Lakini ilizaa kizazi cha vijana walioamini kwamba laptopu na subira vinatosha, na hata yeye, dada yangu wa bati, aliingia mtego huo.

Mwezi wa tatu alikuja na laptopu peke yake. Tulikaa dakika 40 tukitazama uso wake ukimulikwa buluu. Sauti zilikuwa nzuri, hilo sikatai. Ila zilikuwa zimepikwa nyumbani, na sisi tulikuwa tukiangalia mtu akipasha moto. Hakuna msumari ambao ungeanguka. Nilimwambia hivyo tukikunja waya na hakunisemesha siku nne.

Makosa mengine si yake. Kuna baa moja ilitupa nafasi saa mbili, na saa mbili na nusu meneja akaja kuninong'oneza kwamba mpira umeanza, tupunguze. Tukapunguza. Tukapunguza tena. Mwishowe alikuwa akipiga bati kwa pamba ya sikio, na wale wa Arsenal wakipiga meza. Alilipwa soda.

Lakini lililonisumbua zaidi ni ukimya. Wasikilizaji wetu ni watu wema. Wanakaa, wanafumba macho, simu zimezimwa, na mwisho wanapiga makofi kidogo kama watu waliotoka kupimwa. Nimezaliwa Kisumu, na mimi nimemwona mtu akipiga peke yake tangu nikiwa mdogo. Mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, ni bendi nzima katika mwili mmoja: nyuzi 8 mikononi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo, njuga za gara mguuni, na juu ya yote hayo anaimba. Wala haachwi peke yake. Mtu anasimama, anatoa pesa, anamkatisha. Muziki unangoja. Huyo aliyelipa anajisifu, anasifu wakwe zake na ng'ombe wa shemeji, watu wanacheka, kisha wimbo unaendelea pale ulipokatwa, au mahali pengine kabisa. Tunaita pakruok. Nilikuwa nimemsimulia yeye hayo mara nyingi, na kila mara ananijibu kwamba kwa watazamaji wake mtu akikohoa tu huomba msamaha.

Leo bati lilisafirishwa na mzee mmoja wa pikapu tuliyemkodi. Tulikuwa hatujamlipa, kwa hivyo alipanda nasi ghorofani na kukaa nyuma, kofia magotini. Yeye akaanza saa tatu. Alilikwaruza bati kwa uzi wa gitaa langu la zamani, sauti ikawa nene, ikashuka, ikatulia. Watu macho wamefumba. Kama dakika ya kumi na tano hivi nikasikia kiti.

"Ngoja! Binti yangu, simamisha hapo!"

Mioyo 19 ilisimama. Wangu ulikuwa wa ishirini. Mzee alikuwa anakuja mbele, noti ya shilingi 100 juu kabisa, kama mtu anayesimamisha basi. Nilimtazama yeye. Nilijua anaweza kukasirika, na angekuwa na haki. Akaondoa mikono kwenye bati.

"Mimi baba wa mapacha!" mzee akasema, si kwetu, kwa chumba. "Mimi niliyeoa Uyoma nikaongezwa na kuku wa njiani! Mimi ambaye pikapu yangu ni mzee kuliko polisi wanaoisimamisha! Bati hili nimelileta mimi, na halikukwaruzika hata kidogo!"

Kimya. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akaangua kicheko, na chumba kizima kikapasuka. Mzee akaweka noti juu ya spika, akatoa sarafu ya 20, akaligonga bati mara mbili, ko-ko, kama kondakta anayemruhusu dereva aondoke. Akarudi kukaa.

Yeye alikuwa amebonyeza kisanduku. Nilikiona kidole. Ile ko-ko ikarudi, ikarudi, na sauti ya mzee kidogo ndani yake, maana bati lilikuwa limeisikia pia: "...hata kidogo... hata kidogo..." Sijui alitaka kwenda wapi kabla ya pale, na sidhani hata yeye anakumbuka. Dakika 20 zilizofuata alikuwa akimjibu mzee. Kijana mmoja alijaribu naye kusimama na kujisifu, akaishiwa maneno katikati akakaa chini, na hiyo nayo ikaingia.

Mzee hakusubiri mwisho. Ana mzigo wa vitunguu Marikiti alfajiri. Alichukua 1,500 zake mlangoni, akaniuliza kama dada yule ana mume, nikasema sijui, akasema basi muziki wake utachukua muda.

Hesabu: 300 mara 19 ni 5,700. Chumba 3,000, pikapu 1,500. Imebaki 1,200, na ile 100 ya mzee ambayo yeye amekataa kuihesabu. Ameitia kwenye kifuko cha simu. Pikapu ikiwa imeondoka, tulilibeba bati kwa miguu kutoka Ngara hadi hapa kwangu Pangani, yeye mbele mimi nyuma. Upepo wa njiani ulilishika mara mbili ukatugeuza kama tanga. Askari wa petroli stesheni alituuliza tumeezua nyumba ya nani.

Ameniachia, atalichukua Jumamosi. Mkebe wa kahawa bado umeunganishwa na betri haijaisha, kwa hivyo nimechomeka zile spika zangu ndogo, sauti chini kabisa, nisiwaamshe majirani. Malori ya usiku yameanza kupita Thika Road. Yanaanza kusikika kwenye bati kabla hayajafika dirishani.