Paris kwa miguu, nikimtafuta C215

Watu wengi wakifika Paris na kamera wanakimbilia mnara wa Eiffel, na siwalaumu, mnara ni mzuri kweli. Ila safari hii mi niliipanga kwa ajili ya mtu mmoja ambaye jina lake la mtaani ni herufi moja na namba tatu, C215. Jina lake halisi ni Christian Guémy, Mfaransa, kazaliwa 1973, kasomea historia ya sanaa, na kazi yake ni kukata sura za watu kwenye karatasi ngumu kwa kisu halafu anazipulizia rangi ukutani, mlangoni, kwenye makabati ya umeme, kwenye masanduku ya barua. Stensili, yaani. Nimemfuatilia miaka kwenye simu na kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua kila nikiona picha za kazi zake, nilikuwa nataka kujua pembeni kuna nini. Maana mtu akipiga mchoro wa mtaani mara nyingi anaukaba mpaka fremu yote inajaa mchoro mtupu, huoni mtaa, hujui ni mkubwa kama nyumba au mdogo kama daftari, huoni nani anapita hapo. Nikasema ngoja niende nikaone mwenyewe.

Nilianzia wilaya ya 13, upande wa kusini. Ukipanda metro namba 6 pale Place d'Italie treni inaanza chini ya ardhi halafu ghafla inatoka nje na kupanda juu ya daraja refu linalopita katikati ya barabara ya Vincent Auriol, na hapo ndio unaanza kuona maghorofa yenye michoro huku na huku, mengine yamefunikwa kuanzia chini mpaka juu kabisa. Huu ni mradi wa jumba la sanaa linaitwa Itinerrance wakishirikiana na ofisi ya meya wa wilaya, wameita wasanii kutoka nchi nyingi wakawapa kuta za majengo ambayo watu wanaishi. Hao hao Itinerrance mwaka 2013 walichukua jengo la ghorofa 9 lililokuwa linasubiri kubomolewa, wasanii zaidi ya 100 wakalichora ndani na nje, watu wakaruhusiwa kuingia mwezi mmoja tu wa Oktoba wakipanga foleni masaa na masaa, na 2014 jengo likaangushwa na kila kitu ndani yake. Mi sikuliona. Ninachokijua kuhusu lile jengo nakijua kupitia wapiga picha waliowahi kuingia, na hiyo peke yake inatosha kunifanya niichukulie hii kazi kwa uzito.

Kwenye mtaa wa Nationale kuna ile Marianne, yule mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, ya Shepard Fairey, msanii Mmarekani anayejulikana kama Obey, ya mwaka 2016, mwanamke wa bluu, nyeupe na nyekundu mwenye maneno Liberté, Égalité, Fraternité, yaani Uhuru, Usawa, Udugu. Ilikuja baada ya mashambulizi ya Novemba 2015 yaliyoua watu 130 mjini Paris. Desemba 2020 watu wakaja usiku wakamchora machozi mekundu na kuyakata yale maneno matatu kwa rangi nyeupe, kuonyesha kwamba kwao hayana ukweli, na Fairey aliporudi 2021 kuitengeneza akaiacha na chozi. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia kwa lenzi ndefu lile jicho. Nampenda msanii anayekubali ukuta umjibu.

Na paka wa C215 yuko kwenye ile barabara ya Vincent Auriol, karibu na stesheni ya Nationale, 2013 huyo, mkubwa, rangi rangi, anaangalia treni zinavyopita. Ukiwa kwenye jukwaa la metro uko juu juu kwa hiyo humwangalii kutoka miguuni kama walio barabarani. Nilipiga treni ikiwa inaingia, shata polepole, yaani kamera ikichelewa kufunga, ili mabehewa yawe mstari wa rangi halafu paka abaki ametulia. Picha nzuri, naipenda. Ila nikiwa pale nikagundua kwamba sio paka aliyenitoa nyumbani. Ukuta mkubwa unaufurahia kwa kuinua shingo, simu zote zinainuka, dakika mbili watu wanaondoka. Mi nilikuwa nataka zile ndogo, za kimo cha kifua, ambazo mtu anaweza kupita nazo miaka bila kuziona.

Basi nikarudi mpaka Place d'Italie kwenye ofisi za wilaya, maana mbele ya jengo lile ndio kulikuwa na masanduku ya barua aliyoyachora sura ya Simone Veil. Huyu mama alipelekwa Auschwitz akiwa binti mdogo, akarudi hai, akaja kuwa waziri wa afya na sheria ya 1975 ya kuruhusu utoaji mimba Ufaransa ni yeye aliyeisimamia bungeni huku akitukanwa waziwazi, na Julai 2018 akazikwa pamoja na mumewe Panthéon, lile jengo la Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa. Februari 2019 watu wakachora swastika, ile alama ya Manazi, juu ya sura yake. Juu ya sura ya mwanamke aliyetoka kambi za Manazi, fikiria. C215 akaja mwenyewe akasafisha na kutengeneza upya. Nilipiga picha jengo, njia ya watembea kwa miguu, watu wanaotoka kufuatilia karatasi zao, na nikajisikia uchungu wa kweli, kwa sababu sanduku la posta halina ulinzi wowote, halina kioo kama makumbusho, halina mlinzi. Aliyeweka sura pale alijua hivyo tangu mwanzo na akaiweka.

Kesho yake nikaenda wilaya ya 5, kilima cha Panthéon. Mwaka 2018 alifanya mradi unaitwa Illustres, akachukua watu waliozikwa ndani ya lile jengo kubwa akawatoa nje, akawaweka kwenye masanduku na makabati ya mitaa ya kuzunguka pale. Mwandishi Victor Hugo, Jean Moulin aliyepigana na Manazi kwa siri, mwanasayansi Marie Curie ambaye 1995 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa mle kwa kazi yake mwenyewe. Kuingia ndani unalipa tiketi, unaona makaburi ya mawe na majina. Nje unageuka kona mtu anakuangalia.

Hapa niongee kidogo kuhusu ufundi maana ndio kinachonifanya nimpende kuliko wengine. Stensili ya kawaida ni rangi moja, kivuli tu, ndivyo alivyoanza msanii Blek le Rat na michoro yake ya panya hapo hapo Paris 1981, na ni nzuri kwa ujumbe wa haraka. Shida ni kwamba ukikata karatasi, sehemu ya katikati isiposhikwa na kitu inadondoka, kwa hiyo lazima uache vijia vyembamba vya karatasi vya kuishikilia. Wengi wanajitahidi kuvificha hivyo vijia. C215 anavifanya viwe ndio uso wenyewe, mikunjo, nywele, mishipa, mistari inakatana na kupishana mpaka unadhani kachora kwa kalamu, halafu anaweka tabaka juu ya tabaka, giza kwanza mwanga baadaye. Ukisogea karibu unaona ukungu wa spirei pembezoni mwa mstari na unaona rangi ilipochuruzika, na macho anayaacha na mwanga fulani ambao sijui kuuelezea vizuri, yanakuwa na maji. Alianza na sura ya binti yake Nina, akaja kwa watu wanaolala nje, wazee, wakimbizi, watoto. Hao ndio anawarudia siku zote.

Kuzipiga picha ni kazi kweli. Makabati ni ya chuma yaliyopakwa rangi, jua likiwaka yanarudisha mwanga wote kwenye lenzi na uso unapotea. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, inasaidia kiasi. Bora siku ya mawingu, na Paris mawingu hawanyimi. Halafu ukisimama wima unaipiga kutoka juu na mtu kwenye mchoro anaonekana amepondwa, inabidi uchuchumae mpaka lenzi iwe sawa na macho yake, kwa hiyo siku nzima nilikuwa nachuchumaa pembeni ya barabara na watu wananikwepa. Mi nilitumia lenzi ya milimita 35, inayoona upana kiasi, karibu muda wote, kwa sababu inakulazimisha uchukue na vilivyo pembeni, baiskeli iliyofungwa, pipa la taka, kijana wa kupeleka chakula aliyeegesha pikipiki yake mbele ya mwanasayansi aliyepata Nobel mara mbili na anaangalia simu. Mwanzo nilikuwa nasubiri waondoke. Baadaye nikaacha kabisa kusubiri, nikawa nasubiri waje.

Butte-aux-Cailles nilipita kwa haraka, kile kimlima chenye nyumba fupi fupi, ni nyumbani kwa stensili za Miss.Tic, mwanamke mwenye nywele nyeusi na maneno yake makali pembeni. Alifariki Mei 2022. Karibu na Pompidou, kituo cha sanaa, kuna ule uso mkubwa wa msanii Jef Aérosol wa 2011 wenye kidole mdomoni, kila mtu anaujua, nikaupiga na nikaendelea na safari.

Kitu kimoja wapiga picha wenzangu mkijue kabla hamjaenda. Ufaransa sio kila kilichopo barabarani ni huru kupiga na kuuza. Sheria ya Oktoba 2016 inaruhusu mtu binafsi kutumia picha za majengo na sanamu zilizowekwa hadharani kwa kudumu, na bila biashara, na michoro ya ukutani haikutajwa mle. Ukitaka kuuza picha ambayo mchoro ndio kila kitu humo ndani, unamtafuta msanii muelewane. Kwangu hiyo ni haki kabisa. Aliyekata karatasi usiku kucha ni yeye, mi nimebonyeza tu, na kama picha yangu haina kitu chochote zaidi ya mchoro wake basi nimefanya kazi ya mashine ya fotokopi.

Siku ya mwisho nikaenda Vitry-sur-Seine. Wengi hawafiki kwa sababu iko nje ya Paris, kusini, ila tramu T9 inaanzia Porte de Choisy na inapita katikati kabisa ya mji. Nilishuka MAC VAL, makumbusho ya sanaa ya kisasa, mbele yake kuna mzunguko wa barabara wenye lile sanamu refu la msanii Dubuffet. C215 aliishi Vitry, akaanza kuchora kila kona na kuita wasanii wenzake waje, na ndiyo maana mji huu wa wafanyakazi wa kawaida, maghorofa ya kawaida, una sura nyingi kuliko mitaa ya watalii. Hakuna ramani uliyopewa mlangoni. Unatembea tu. Ukiona ile alama yake, C215 ndani ya kiboksi cha pembe sita, unasimama.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kabati la umeme lenye sura ya mtoto, rangi imeanza kubanduka upande wa shavu, nikasikia mtu nyuma yangu anaongea kwenye simu Kiswahili. Kiswahili cha Bukavu! Nikageuka nikamsalimia, shikamoo mama, akashtuka kidogo halafu akacheka akaikata simu. Mama wa makamo, mfuko wa soko mkononi.

"Ndugu yangu, juu ya nini unapiga foto hii kabati?"

Nikamweleza, kuna msanii nampenda, nimetoka mbali kuja kuangalia kazi zake. Akamwangalia yule mtoto, akaniangalia mimi, akasema "Uyu mutoto niko namuona kila siku nikienda ku kazi. Nilizania ni mutoto alikufaka hapa." Miaka yote hiyo amekuwa akipita pale asubuhi na giza na akili yake ilishamtungia yule mtoto habari, kwamba labda gari lilimgonga, kwamba wazazi ndio walioweka picha, na siku nyingine alikuwa anamwombea. Nikamwambia sijui mtoto ni nani, ila huyu fundi huwa anachora watoto wengi, wa mitaani, na wake mwenyewe. Akasema haina shida, ataendelea kumwombea, kwani naye kama ni wa mtaani anahitaji.

Nikamwomba asimame karibu nimpige. Hakutaka kusimama, akasema anachelewa, akaendelea kutembea, na ndio nikapiga, yeye anapita na mfuko wake, kageuza uso kidogo kuelekea kwa mtoto kama anavyofanya kila siku, na basi linapita nyuma. Hiyo ndiyo picha. Kati ya zote nilizorudi nazo hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta bila kujua inafananaje, maana pembeni ya mchoro ndio huyu mama sasa, na bila yeye ile kabati ni kabati lenye rangi nzuri tu.

Tulipeana namba nikamtumia ile picha WhatsApp jioni ile ile. Akanijibu kwa sauti, wanawe wameiona, mkubwa amemwambia mbona mama hizi ziko nyingi Vitry, ziko hadi nyuma ya shule yao. Tangu hapo ananitumia. Ananitumia nyingine ziko giza, nyingine nusu yake ni kidole chake, mlango mmoja wenye mzee mwenye ndevu, kabati moja karibu na duka la dawa, na juzi katuma moja ambayo nimeitafuta kila mahali sijaiona kwa mpiga picha yeyote, mwanamke kafumba macho, rangi imefifia sana. Nimemuomba anipigie tena siku ya mawingu na arudi nyuma hatua tatu ili nione na mlango wa jirani.