Kumbukumbu ya mradi: kuifuata dawa mpaka ndani ya bahasha

Mradi huu umezaliwa na swali la dada yangu. Aprili 2024 mamlaka za dawa za Nigeria na Kenya zilitangaza kuondoa sokoni toleo namba 329304 (toleo ni kundi la dawa lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja) la sharubati moja ya kikohozi ya watoto, baada ya vipimo vya Nigeria kukuta ndani yake diethilini glikoli, sumu inayoua figo. Dada ana duka la dawa muhimu hapa Morogoro, yale ambayo wazee bado wanayaita dawa baridi. Alipoiona habari kwenye simu alichukua tochi, akageuza chupa moja moja rafuni. Hakuwa nayo. Akaniambia: "Haya, za rafuni nimeziona. Ningekuwa nimeshaziuza je? Ningemjuaje niliyempa?"

Mimi ni fundi wa kompyuta, dawa sizijui. Ila swali hilo halikunitoka, na mwaka huu nimepata nafasi.

Machi 2

Nimenunua skana ya mkono inayosoma misimbo ya mraba. Ile bakodi ya mistari tuliyoizoea, iliyopigwa skana dukani kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974 kwenye paketi ya jojo kule Troy, Ohio, inabeba namba ya bidhaa tu. Toleo haijui, tarehe ya kuisha muda haijui. Maboksi 100 ya aina moja yana mistari ileile, hata kama yametoka kwenye mapipa tofauti ya kiwanda.

Lakini kwenye maboksi mengi mapya kuna kimraba chenye vitone vyeusi, pande mbili zimepigwa mstari mzito kama herufi L. Hiyo ni Data Matrix. Ikiandikwa kwa kanuni za GS1, shirika la kimataifa la namba na misimbo ya bidhaa, kila taarifa inatanguliwa na namba ya kuitambulisha: 01 ni namba ya bidhaa yenye tarakimu 14, 17 ni tarehe ya kuisha muda, 10 ni toleo, 21 ni namba ya pekee ya boksi hilo. Mlio mmoja wa skana, vyote vinne vimeingia. Dada alipiga makofi.

Maboksi mengi ya rafuni kwake yanaanza na 890, yaani India. Akauliza Tanzania ni ngapi. Ni 620, Kenya 616. Nikamwonya asiitegemee kujua dawa imetengenezwa wapi: inaonyesha tu kampuni ilichukulia wapi namba zake.

Machi 9

Furaha imekwisha. Matoleo yanaingia yamegandana na namba ya boksi kama ugali uliopoa.

Kisa chake ni hiki. Namba ya bidhaa ina urefu maalumu na tarehe ina urefu maalumu, kwa hiyo programu inajua pa kukata. Toleo halina. Linaweza kuwa na herufi 4, linaweza kufika 20. GS1 walishaliona hilo wakaweka kitenganishi kisichoonekana, herufi ya 29 kwenye ASCII, jedwali la herufi za kompyuta, mwishoni mwa kila taarifa isiyo na urefu maalumu inayofuatwa na nyingine. Tatizo ni kwamba skana yangu inajifanya kibodi, na kibodi haina kitufe cha herufi hiyo. Skana inaimeza kimya kimya. Programu inapata toleo, kisha 21, kisha namba ya boksi, bila pengo. Na toleo lenyewe likiwa na 21 katikati, hakuna mganga wa kulitenganisha.

Siku mbili zimepotea nikiilaumu programu yangu. Dawa ilikuwa ndani ya kijitabu cha skana: kuna msimbo wa kuipangia itume alama nyingine badala ya ile isiyoonekana. Nimechagua |, kwa sababu alama hiyo hairuhusiwi ndani ya namba ya toleo, kwa hiyo haitachanganyika na kitu.

Caps Lock nayo ikiwa imewashwa, skana yangu inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kitufe hicho nimeking'oa.

Machi 16

Dada kanipigia saa mbili asubuhi: "Mdogo wangu, mashine yako inasema amoksilini yangu imeisha muda. Boksi linasema bado!"

Boksi lilikuwa sahihi. Watengenezaji wengine huandika mwezi na mwaka tu, na kwenye msimbo siku inakuwa 00, maana yake siku ya mwisho ya mwezi huo. Jedwali langu lilipopewa tarehe 0 ya Mei likahesabu siku moja nyuma ya Mei mosi: Aprili 30. Mwezi mzima umeliwa. Nimerekebisha kwa kuongeza mwezi mmoja na kuiacha sifuri palepale. Tarehe 0 ya Juni ndiyo Mei 31.

Kosa hili lilinitisha kuliko lile la kwanza. Lile lilionekana kwa macho, hili lilikuja limevaa suti. Lingekuwa limekosea kwenda mbele badala ya kurudi nyuma, tungekuwa tunauza dawa iliyoisha muda na kompyuta inatubariki.

Aprili 6

Sasa nimefika kwenye kiini, na hapa kiwango chochote cha kimataifa kinaishia mlangoni.

Katika nchi nyingi za Ulaya, tangu Februari 9, 2019, boksi la dawa ya cheti lina namba yake ya pekee, na famasi inaihakiki kabla ya kumkabidhi mgonjwa. Sawa, lakini kule mgonjwa kwa kawaida anaondoka na boksi. Kwa dada, boksi lina karatasi kumi za vidonge kumi kumi. Mtu anataka panado sita. Dada anachukua mkasi, anakata, anatia kwenye bahasha, anaandika 2 x 3. Kimraba kimebaki kwenye boksi, boksi likiisha linachomwa. Namba ya toleo kwenye karatasi imegongwa upande mmoja tu. Ukianza kukatia upande huo, vilivyobaki ni vidonge visivyo na kwao.

Mseto, ile dawa ya malaria, haunisumbui, unatoka na pakiti yake nzima. Shida ni hivi vya mkasi.

Hatua ya kwanza haikuhitaji umeme: kata ukianzia upande usio na namba. Hatua ya pili ni lebo kwenye bahasha. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kwa hiyo sikuhitaji kumlipa mtu. Bahasha ya kwanza ni 2000000000015. Ile 5 ya mwisho ni ya ukaguzi. Tarakimu zinazidishwa kwa 1 na 3 kwa zamu: 2 mara 1, jumlisha 1 mara 3, unapata 5, na inahitajika 5 kufika 10. Jina la mgonjwa haliingii. Akikubali tunaandika namba ya simu, asipokubali tunaacha.

Mzee mmoja aliigeuza bahasha yake mara tatu. "Sasa binti, hii na bei imepanda?" Dada: "Hapana mzee wangu, ni ya kukutafuta dawa ikiwa na kasoro." Akatikisa kichwa: "Mimi nitafuteni nikiwa na deni."

Lebo za karatasi ya joto zimefifia kwa wiki mbili kwenye bahasha zilizokaa dirishani. Tumezihamishia kwenye droo.

Aprili 27

Leo tumefanya zoezi. Dada kachagua toleo moja la amoksilini bila kuniambia, kaanza kuhesabu dakika. Boksi lilikopokelewa na lini: sekunde chache. Vilivyobaki: sawa na rafu. Bahasha zilizotoka: 14 kwa hesabu ya vidonge, 11 kwenye kompyuta.

Tatu ziliuzwa Alhamisi jioni, umeme ulipokatika. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto mmoja alikuwa na homa, na dada hakuwa na muda wa kunisubiri mimi wala betri yangu. Simlaumu.

Kwa hiyo kifaa kipya cha wiki hii ni kauntabuku, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nimeipiga mistari safu nne: namba ya bahasha, toleo, idadi, simu. Lebo 200 zenye namba nimeshazichapa kabla, ziko kwenye kopo la panado karibu na mkasi.